Kipoyi cha Vilima Viwili

Sitasema alizaliwa wapi wala baba yake alikuwa nani. Kwetu Ituri, mashariki mwa Kongo, ukishataja mahali mtu alipozaliwa, msikilizaji mmoja anakunja uso na mwingine anatabasamu, na habari yenyewe hakuna anayeisikia tena. Mama Directrice, mkuu wa shule yetu, alilijua hilo kuliko sisi sote. Ukimuuliza ametoka wapi alikujibu: "Nilizaliwa ku maternité, ku hospitali, sawa batu wote." Watu wa kilima cha juu walikuwa na hakika kwamba ni wao, kwa sababu alipenda maziwa yaliyoganda. Watu wa kilima cha chini nao waliapa kwamba ni wao, kwa sababu alilima kama mtu anayegombana na udongo. Mimi nimemjua tangu utoto wangu, sijui mpaka leo, na siulizi.

Ninachojua ni alichonifundisha. Kusoma na kuandika alinifundisha, hilo ni kazi ya kila mwalimu. Lakini alinifundisha pia jambo lililonishinda zaidi, nalo ni kukubali kubebwa bila kuona haya. Na ajabu ni kwamba jambo hilo yeye mwenyewe hakuliweza. Alikuwa tayari kumbeba mtu yeyote, ila ukimshika mkono wake alikutazama kama mwizi.

Masomo yake, ndivyo tunavyoiita shule, yalikuwa katikati ya vilima hivyo viwili, juu ya njia inayotoka Bunia kushuka Kasenyi, mwendo wa miguu kutoka pale malori ya samaki yanapopumzika kabla ya kuumaliza mlima. Vita ilikuwa imekwisha, ndivyo tulivyoambiwa. Watu walikuwa wamerudi mashambani na ng'ombe wamerudi malishoni, lakini mtu wa juu hakupita kwa watu wa chini akiwa peke yake, na wa chini hakunywa maji ya juu. Kila upande ulitaka masomo yake peke yake. Yeye alikuwa na jengo moja tu lisilo na madirisha, na benchi hakuna hata moja, maana zote zilichomwa kuni wakati wa kukimbia.

Kwenye mkutano wa kwanza wa wazazi alisimama mbele, akasema: "Upande wa juu mutaleta mbao. Upande wa chini mutaleta matofali. Mutu asilete vyote."

Baba mmoja wa juu akainuka. "Na siye tukileta matofali yetu?"

"Utarudia nayo ku nyumba, ujenge nayo choo."

Basi tukakaa hivyo, ubao wa hawa juu ya matofali ya wale, na kwenye kila ubao mtoto wa juu amebanana na mtoto wa chini. Siku moja mbuzi wa watu fulani walikula mihogo ya watu fulani, maneno yakapanda, na wazazi wa juu wakaja kuchukua mbao zao. Hakuwazuia. Aliwafungulia mlango, akamshikia mmoja wao upande wa pili wa ubao ili usikwaruze ukuta. Watoto wa chini wakasoma wamekalia tofali mojamoja kama kuku kwenye mayai, na wa juu wakabaki kwao wakichunga mbao. Haikupita juma, akina mama wa juu wakachoka na kelele za watoto nyumbani. Mbao zikarudi zenyewe, zimebebwa na akina mama hao hao, na hakuna aliyesikia neno moja la kejeli kutoka kwake. Kejeli alikuwa anajua kuziweka akiba.

Alivaa viatu vya kiume. Vyeusi, vya kamba, vilivyoshonwa upya na soli ya tairi la lori, na juu yake kitenge kilichofungwa vizuri kama cha mke wa pasta. Tulimsikia kabla ya kumwona: ko, ko, ko, na darasa zima likawa kimya. Wenye midomo mirefu walisema ni viatu vya marehemu mumewe. Wengine walisema hakuwahi kuolewa, alivinunua tu sokoni Bunia kwa sababu vya kike havikujua tope. Viatu hivyo vikumbukeni, nitavirudia.

Aliwakataza walimu wake fimbo kabisa, akasema fimbo ni ya ng'ombe. Lakini chaki aliirusha yeye, na chaki yake haikukosa sikio la mtu hata kama amejificha nyuma ya mwenzake. Alichukia uongo, na jambo hilo pia nitalirudia, kwa sababu siku moja nilimwona akiupa uongo nafasi ya kupita. Alisema mila za wazee ni usingizi, ila jioni usingemshawishi afagie nyumba yake, asije akaifagia na bahati. Na kama mtoto mgeni alifika akaanza kuuliza nani ni wa kabila gani, alimwita mbele ya wote: "Hapa kuko kabila mbili tu. Wenye hawajajue, na wenye wanajua kidogo. Weye uko wa gani?" Mtoto alitazama miguu yake, akajibu kwamba yuko wa ile ya kwanza. "Karibu," alimwambia, "iko kabila kubwa."

Mimi nilifika kwake hivi. Ugonjwa wa kupooza ulinichukua miguu kabla sijajua kuitumia. Nilitembea kwa mikono, nimevaa babushi, yaani ndala, za mpira kwenye viganja. Mama yangu alinikimbiza vitani mgongoni mwake mpaka Bunia, akanirudisha mgongoni, na alipomaliza kunirudisha mgongo wake ulikuwa umekwisha. Siku ya salongo, watu wote wakitengeneza njia kwa majembe, Mama Directrice alipita mbele ya nyumba yetu akaniona nimekaa napepeta maharagwe.

"Huyu jina yake nani?"

"Huyu hawezi, Maman Directrice," mama akamjibu. "Miguu yake haiko."

"Sikuuliza miguu. Nimeuliza jina."

Mama akamwambia jina langu. Akanigeukia mimi. "Kichwa yako inatembea?" Nikasema ndiyo. "Alors, iko ya kutosha. Lundi utakuya."

"Nani atamubeba?" mama akauliza. "Miye siwezi tena. Sema weye, nani atamubeba?"

Nakumbuka swali lile. Mama Directrice aligeuka akaitazama njia. Kisha macho yake yakaenda ukutani mwa kanisa letu dogo, upande wa pili wa njia, pale kilipokuwa kinaning'inia kipoyi.

Kwa msomaji wa mbali: kipoyi ni machela ya miti miwili na kamba. Ndicho tunachombebea mgonjwa kumpeleka kwa daktari, na marehemu kumrudisha nyumbani. Kina sheria yake, ya zamani kuliko vita. Ukikutana na kipoyi njiani unasimama, unavua kofia na unatoa bega. Huulizi kimembeba nani, wala ametoka kilima gani. Hata katika miaka ile mibaya, wakati kuku hawakuvuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine, kipoyi kilipita.

Mzee wa kanisa alipoelewa anachotakiwa, aliruka. "Maman! Ukiweka mutu mwenye haiko mugonjwa ndani ya kipoyi, unaita kifo!"

"Kifo haina lazima ya kuitwa, Muzee. Njia ya kwetu inaijua muzuri."

Mzee hakukubali, na kile cha kanisa Mama Directrice hakukipata. Akawachukua wakubwa wa sixième, darasa la sita, wakatengeneza kingine saa ya kazi za mikono, na Jumatatu vijana wanne wa darasa langu jipya, waliocheleweshwa na vita, wakasimama mlangoni kwetu: Dieudonné na ndugu yake wa juu, Innocent na jirani yake wa chini. Wa juu walibeba mbele, wa chini nyuma, na kwenye kijito walitakiwa kubadilishana.

"Juu ya nini tubadilishane?" Innocent aliuliza.

"Juu mwenye iko nyuma anaona tu mugongo ya mwenzake. Muzuri kila mutu aizoee." Kisha akawanyooshea kidole. "Na mukipigana njiani, yeye anaanguka. Yeye akianguka, nyote wane munarudia mwaka."

Siku za kwanza nililia kwa haya. Watoto wadogo walikimbia pembeni wakiimba wimbo wa kuzika. Nilimwambia Mama Directrice nataka kurudi kutambaa. Akachuchumaa mbele yangu, viatu vyake vikalia. "Mutu mwenye anabebwa na iko na kwenye anaenda, haya ni ya nini? Haya ni ya mwenye anabebwa na hajue anaenda wapi. Weye unaenda wapi?" Nikasema masomo. "Voilà. Kausha pua."

Na mtu akipita akiniambia "pole, mutoto", alimkata pale pale: "Pole ya nini? Amepata zéro?" Au alisema lile lake lililokuja kuwa msemo wa vilima vyote viwili: "Pole haijue kusoma."

Nilisoma. Sitajificha nyuma ya unyenyekevu, nilisoma vizuri, na hesabu zangu Dieudonné alizinakili njia nzima akiwa ameweka mti wa kipoyi begani. Ikafika mwaka wa mtihani wa kumaliza primaire. Mtihani haukufanyika kwetu. Kituo kilikuwa mbali, huko chini kuelekea Kasenyi, na asiyefika kituoni basi, mwaka wake umekufa. Kati yetu na kituo kulikuwa na kizuizi cha askari, mti umelazwa njiani, ambapo watu wa chini walisumbuliwa siku hizi na wa juu siku zile, kulingana na nani yuko zamu.

Tulitoka mapema. Jua lilipokuwa kali Mama Directrice alifungua kitenge chake cha juu akanifunika mwili mzima. Tukakaribia kizuizi. Nikaona kupitia kitambaa askari wanainuka, na mara nikaona wanavua kofia. Nilitaka kuinua kichwa. Mkono wake ukanishika bega.

"Kufa kidogo," aliniambia polepole.

Nikafa kidogo. Mti ukainuliwa, mmoja wa askari akabeba upande wa Innocent mpaka ng'ambo, na tukapita wote, wa juu na wa chini, bila kuulizwa neno. Mbele kidogo nilimwambia: "Maman, umesema uongo."

"Nilisema nini? Kinywa yangu ilikuwa imefungwa."

Lakini pale sokoni, ambapo akina mama huuza samaki wa chumvi, hakuwahi kunionya. Wakatuona: kipoyi, kitenge, watoto wa masomo kimya nyuma, mwanamke amenyooka kama mfiwa. Mama mmoja akaachia beseni lake chini, akashika kichwa, akaanza kulia. Soko zima likamfuata. Walinililia! Walisema nilikuwa mdogo, walisema mama yangu atakula nini, walisema vilima hivi vimekosa nini kwa Mungu. Sikuweza kuvumilia. Nikatupa kitenge, nikakaa, nikapiga kelele: "Sijakufa! Ninaenda kufanya examen!"

Wengine walikimbia. Walipocheka baadaye, yule mama wa beseni hakucheka, alikasirika kabisa. "Basi machozi yangu, nani atairudisha?" Kisha akachukua samaki mmoja mkubwa akamweka miguuni pangu. "Kula. Ukishindwa hii examen, nitakuya kukulilia vya kweli."

Sikushindwa. Matokeo yalipofika, Dieudonné alikimbia kuwaambia watu wa juu, "Tumepita!" na Innocent akawaambia watu wa chini, "Tumepita!" Kati yetu wa kipoyi mimi peke yangu ndiye niliyekuwa na namba ya mtihani, maana wabebaji wangu walikuwa wamerudia mwaka, lakini hakuna aliyeniachia ushindi wangu. Jioni ile mama yangu alipika bugali na yule samaki, na kwa mara ya kwanza tangu vita watu wa pande zote mbili walinawa kwenye beseni moja uani kwetu. Mama Directrice alikula amesimama. Alisema mutu wa kazi hakai.

Na sasa nirudie udhaifu wake, kwa sababu mtu asiye na udhaifu hajawahi kuwa mkuu wa masomo popote. Hakukubali msaada. Bidoni lake la maji alilibeba mwenyewe mbele ya darasa zima la vijana wenye nguvu. Malaria ilipomwangusha alikwenda dispensaire akishikilia nyua za nyumba moja baada ya nyingine, na mwalimu wa première, darasa la kwanza, alipomshika kiwiko alimwambia aende akamshike mke wake. Tulicheka. Hatukufikiri kwamba siku moja nyua zitakwisha.

Nilisoma Bunia, nikapata baiskeli ya mikono ya magurudumu matatu, nikawa mwalimu. Nafundisha Saio, mtaa wa Bunia. Wanafunzi wangu wananisikia kabla ya kuniona, mnyororo wangu unalia kama viatu vya mtu fulani, na darasa linakuwa kimya. Ninajivunia hilo kuliko diploma.

Yeye naye alihamia Saio alipostaafu, kwa binti wa dada yake. Magoti yalikuwa yamemwisha. Nilimtembelea mara kwa mara, na kila mara nilimkuta amekaa kwenye kiti kile kile ndani ya nyumba, viatu vimepigwa rangi miguuni. Kutoka alikataa. Kanisani alikataa. Kwa nini? Kwa sababu angeshikwa, na watu wangeona.

Kisha watu wa vilima vyote viwili wakajenga darasa jipya kule masomoni. Lina madirisha, lina mlango mpana, na mbele yake wameweka mteremko badala ya ngazi. Walitaka alifungue yeye. Gari lingefika mpaka sokoni, lakini kutoka sokoni hadi masomoni ni njia ya miguu, inapanda. Nilipomwambia, alitazama ukuta.

"Niende nabebwa sawa mufuko wa muhogo? Batoto yangu wanione hivi? Hapana."

"Maman, utakufa haujaliona."

"Basi nitakufa."

Nilikasirika. Ndiyo, nilimkasirikia Mama Directrice uso kwa uso, mimi niliyemwogopa hata nikiwa mwalimu. "Haya ni ya mwenye anabebwa na hajue anaenda wapi," nilimwambia. "Nani alisema vile? Ao ilikuwa ya kutudanganya siye batoto?"

Alirudi kuutazama ukuta wake. Siku hiyo nilitoka nikidhani nimemkosea na nimemkosa. Lakini asubuhi ya sherehe, tulipofika na gari mlangoni kwake, alikuwa ameshafunga kamba za viatu. Alikuwa na sharti moja: "Mutanifunika. Mutu asinione."

Sokoni walikuwa wanangoja na vipoyi viwili, kwa sababu ule mlima hata baiskeli yangu haiuwezi. Dieudonné, ambaye sasa ni motari, mwendesha pikipiki ya abiria, na Innocent, ambaye anauza maharagwe Kasenyi, walikuwa wamenenepa wote wawili. Nikapanda changu kwanza ili anione. Nilikaa wima kama bibi harusi. Yeye alilazwa kwenye chake, akajifunika kitenge mpaka kichwani kama alivyotaka, na kilichobaki nje ni viatu tu.

Mnaelewa kilichotokea. Soko lilinijua mimi, na lilivijua vile viatu. Kwanza watu waliacha kuuza. Kisha sauti moja: "Maman Directrice! Uuuwi! Weye umetuacha!" Na soko zima likaangua kilio. Wanaume wakavua kofia, motari wakazima pikipiki. Mwanamke mmoja, muuza nyanya, alijitupa chini mbele ya kipoyi akilia kwamba huyu ndiye aliyemfundisha kuandika jina lake, kwamba yeye wa juu alikalia ubao mmoja na wa chini, kwamba bila huyu angekuwa wapi.

Niligeuka kumtazama. Kitenge hakikutikisika. Nilijua yuko macho, na nilijua anasikiliza. Nilingoja, kwa sababu kama angenyamaza tungempitisha hivyo hivyo mpaka juu, amefichwa, amezikwa na haya yake mwenyewe.

Kitenge kikaruka. Mama Directrice akakaa, mvi zimetimka, akanyoosha kidole kwa yule muuza nyanya.

"Sijakufa! Ninaenda masomo! Na weye nakujua sauti, ulikuwa wa cinquième, kila siku unachelewa. Wapi mutoto yako saa hii? Juu ya nini haiko ku masomo?"

Mwanamke aliruka akakimbia kumtafuta mtoto wake. Soko likacheka mpaka likakohoa, na yeye hakujifunika tena. Alipanda mlima ule mbele yangu, mgongo umenyooka, akiwasalimu watu kulia na kushoto na kuwauliza watoto wao wako darasa la ngapi. Tulipofika kwenye kijito alipiga mti wa kipoyi kwa kiganja.

"Badilisheni," alisema, na wa mbele wakahamia nyuma.